Kumbukumbu ya kompyuta ikijaa: kipi cha kusafisha, kipi cha kuacha

Asubuhi moja ya msimu wa mvua redio yetu ilinyamaza kwa dakika 11. Yalikuwa yanakwenda matangazo ya misiba tuliyorekodi jioni iliyotangulia, na tangazo moja lilikatika kabla ya kutajwa siku na mahali pa maziko. Tulilirudia mara tatu baadaye. Hata hivyo, ndugu mmoja wa marehemu alitupigia akasema alikuwa ameshapanda basi kuja mjini kuuliza, kwa nauli ambayo hakuipanga.

Wengi wenu mlituuliza kama umeme ulikatika. Haukukatika. Kompyuta inayorusha matangazo iliishiwa kumbukumbu, na iliishiwa kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa tumetoka kuisafisha.

Katika makala haya tunaeleza kumbukumbu ya kompyuta ni nini, namna ya kuisafisha kwenye seva inayotumia Linux, na lini usiiguse. Kama huna seva, amri tutakazotaja unaweza kuziruka, lakini usiache sehemu ya simu iliyo mwishoni. Kosa tulilolifanya studio linafanyika kila siku kwenye simu za wasikilizaji wetu kuanzia Bukene na Nzega mjini hadi Igunga na Tabora.

Kumbukumbu na hifadhi ni vitu viwili

Kompyuta, seva na simu zote zina sehemu mbili za kuweka vitu.

Ya kwanza ni hifadhi. Kwenye kompyuta ni diski, na kwenye simu ni mahali zinapokaa picha, nyimbo na video. Ukizima na kuwasha, vitu unavikuta. Ile kadi ndogo ambayo mtaani tunaiita memori nayo iko upande huu wa hifadhi.

Ya pili ni kumbukumbu ya kufanyia kazi, ambayo mafundi na wauza simu huiita RAM. Hii ni ndogo kuliko hifadhi, ina kasi kubwa zaidi, na umeme ukikatika kilichomo chote kinapotea.

Fikiria duka la jumla karibu na stendi ya Nzega. Mbele kuna kaunta, nyuma kuna stoo. Stoo inabeba mzigo mwingi, lakini kila safari ya kwenda huko inachukua muda. Kaunta ni ndogo, ila kilichopo pale mteja anakipata papo hapo. RAM ni kaunta, diski ni stoo.

Akiba si uchafu

Mteja akiomba miche miwili ya sabuni, muuzaji anaingia stoo na kutoka na katoni nzima. Anauza miche miwili, na katoni anaiacha kaunta kwa sababu anajua mwingine atakuja kuulizia. Katoni hiyo ndiyo akiba.

Linux hufanya vivyo hivyo. Ikisoma faili kutoka kwenye diski, huacha nakala yake kwenye RAM. Faili hilo likihitajika tena, hakuna haja ya kurudi diski. Muziki wa kufungulia taarifa ya habari, unaopigwa mara kadhaa kwa siku, kompyuta yetu huusoma kutoka diski mara ya kwanza tu. Mara zinazofuata unatoka kwenye akiba.

Kaunta tupu haimletei mwenye duka faida yoyote. Ndiyo maana Linux hujaza akiba RAM yote ambayo programu hazijaichukua. Programu ikihitaji nafasi, akiba husogezwa mara moja. Hakuna kinachopotea, kwa sababu nakala halisi iko kwenye diski.

Kuna sehemu moja ya akiba ambayo ni ya kuangalia. Ni mabadiliko ambayo bado hayajaandikwa kwenye diski, kama mauzo yaliyoandikwa pembeni kwenye kipande cha karatasi kabla hayajaingia daftarini. Linux huyaandika yenyewe baada ya muda mfupi. Ndiyo sababu kuzima kompyuta kwa kuchomoa waya kunaweza kuharibu faili.

Swapu ni mzigo wenye mwenyewe

Sasa tuseme kaunta imejaa kweli, na iliyojaa si sabuni ya kurudisha stoo. Ni mizigo ambayo wateja wamekwisha kuilipia na hawajaichukua. Huwezi kuitupa. Unachoweza ni kuibeba ile iliyokaa muda mrefu na kuiweka kona maalumu ya stoo hadi mwenyewe aje.

Kona hiyo, kwenye kompyuta, mafundi huiita swapu. Ni sehemu ya diski iliyotengwa kupokea data za programu ambazo ziko wazi lakini hazijaguswa kwa muda. Tofauti yake na akiba ni kubwa: akiba ina nakala kwenye diski, data hizi hazina nakala popote. Zikipotea, programu inaanguka.

Kwa watu wa Tabora jambo hili lina historia. Enzi za misafara, mizigo iliyotoka pwani kuelekea Ujiji ilikuwa ikihifadhiwa Unyanyembe, karibu na ulipo mji wa Tabora leo, hadi wapagazi wa kuibeba wapatikane. Mwaka 1872 Dkt. David Livingstone alikaa Kwihara miezi kadhaa akisubiri wapagazi, akaondoka Agosti. Mzigo uliolala ndani ya tembe haukuwa taka. Ulikuwa na mwenyewe na safari ilikuwa bado inauhitaji. Data zilizolala kwenye swapu ni hivyohivyo.

Linux iko wapi?

Seva ni kompyuta ambayo kazi yake ni kuhudumia kompyuta au simu nyingine, na mara nyingi haizimwi. Nyingi duniani zinatumia Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Linux ni ya bure, na mtu yeyote anaruhusiwa kuona ilivyoandikwa na kuibadilisha.

Hapa nchini programu huria za aina hii si ngeni. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maelezo ya Kiswahili. Takwimu za MTUHA zinazojazwa kwenye zahanati huingizwa katika mfumo wa DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, na mfumo huo kwa kawaida huwekwa kwenye seva za Linux. Simu za Android nazo, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2008, zimejengwa juu ya kiini cha Linux. Kama unasoma makala haya kwenye simu ya Android, Linux umeishika mkononi.

Namna ya kusoma hali ya kumbukumbu

Kwenye seva, fungua dirisha la amri na uandike:

free -m

Utaona namba kwa megabaiti. Tuchukue mfano wa seva yenye RAM ya gigabaiti 4. Mstari wa Mem unaweza kuonyesha jumla 3822, iliyochukuliwa na programu (used) 1310, isiyotumika kabisa (free) 164, akiba (buff/cache) 2347, na inayoweza kupatikana (available) 2190.

Wengi hutazama safu ya free, wakaona 164, wakashtuka kwamba seva imebakiwa na kiasi kidogo mno. Safu ya kutazama ni available. Hiyo inakadiria kiasi ambacho programu mpya inaweza kupewa bila kugusa swapu, ikihesabu pia akiba itakayosogezwa. Kwenye mfano wetu ni 2190, yaani zaidi ya nusu ya RAM yote. Seva hiyo ni nzima. Hesabu hii iliongezwa ndani ya Linux mwaka 2014, kwa sababu watu wengi walikuwa wakiisoma vibaya safu ya free.

Mstari wa pili, Swap, unaonyesha swapu. Swapu kuwa na kitu ndani si tatizo. Tatizo ni mzigo kubebwa kwenda na kurudi mfululizo. Ili kuona hilo, andika:

vmstat 5

Kila baada ya sekunde 5 mstari mpya utatokea. Tazama safu za si na so, yaani kinachorudi kutoka swapu na kinachokwenda swapu. Mstari wa kwanza uache, kwa kuwa ni wastani tangu mashine iwashwe. Zinazofuata zikiwa 0 au karibu na 0, swapu imetulia. Zikiwa kubwa kila mara na seva inakokota, hapo kweli RAM haitoshi.

Kusafisha akiba

Kwa kawaida hakuna haja. Mafundi husafisha akiba wanapopima kasi ya diski, ili kipimo kisidanganywe na nakala zilizo kwenye RAM. Kama una sababu ya namna hiyo, anza na amri hii:

sync

Amri hiyo inaandika kwenye diski mabadiliko yote yaliyokuwa yanasubiri. Kisha:

echo 3 | sudo tee /proc/sys/vm/drop_caches

Namba 1 huondoa akiba ya yaliyomo ndani ya mafaili, namba 2 huondoa akiba ya majina na taarifa za mafaili, na namba 3 huondoa zote mbili. Amri haifuti faili lako hata moja. Lakini dakika zinazofuata seva itakuwa nzito kuliko ilivyokuwa, kwa sababu kila kitu kinaanza kutafutwa upya diski.

Njia hii imo ndani ya Linux tangu mwaka 2006, na maelezo ya watengenezaji wenyewe yanasema haikuwekwa kwa ajili ya kudhibiti ukubwa wa akiba. Nje ya majaribio na utafutaji wa hitilafu, hawashauri itumike.

Kusafisha swapu

Swapu haifutwi. Kinachofanyika ni kurudisha mzigo wake kaunta, kisha kuifungua tena ikiwa tupu. Kwa hiyo kwanza linganisha namba mbili za free -m: available ya RAM na used ya swapu. Kama available haizidi kwa nafasi ya kutosha ile iliyoko swapu, acha. Kama inazidi, chagua saa ambayo watumiaji ni wachache, kisha andika:

sudo swapoff -a

Subiri imalize, inaweza kuchukua dakika kadhaa. Halafu, bila kuondoka mezani:

sudo swapon -a

Maliza kwa free -m kuhakikisha kwamba swapu imerudi. Ukiona jumla yake ni 0, seva yako haina tena kona ya kuwekea mzigo.

Kama lengo lako ni kupunguza kasi ya Linux kupeleka mzigo swapu, kuna kipimo kinachoitwa swappiness, ambacho kwa kawaida huanzia 60. Kukishusha hadi 10 kwa amri ya sudo sysctl vm.swappiness=10 kunaifanya Linux iguse akiba kwanza kabla ya swapu. Badiliko hilo hudumu hadi mashine itakapowashwa upya.

Tafuta anayekula kumbukumbu

Seva ikiishiwa kweli, swali la kwanza liwe: ni programu gani inachukua nafasi yote? Andika:

ps aux --sort=-%mem | head

Zitaorodheshwa programu kuanzia inayokula RAM zaidi. Kuna programu zenye hitilafu ambazo kila siku zinachukua nafasi mpya na haziachii ya zamani, kama ndoo inayovuja. Dawa ya muda ni kuzima na kuwasha programu hiyo moja. Dawa ya kudumu ni kuweka toleo lililorekebishwa.

Kumbukumbu ikiisha kabisa na swapu ikawa imejaa au haipo, kiini cha Linux hujiokoa kwa kuiua programu moja, mara nyingi ile iliyochukua nafasi kubwa kuliko zote. Ukitaka kujua kama hilo limetokea, andika:

sudo journalctl -k | grep -i "out of memory"

Kilichotupata sisi

Mmoja wetu alitazama safu ya free, akaona namba ndogo, akaogopa. Alipanga amri ya kusafisha akiba ijiendeshe yenyewe kila baada ya dakika 5. Tangu siku hiyo sauti ilianza kukatika kwa sekunde moja au mbili. Tulidhani ni mitambo ya kurushia. Ukweli ni kwamba kompyuta ilikuwa inalazimishwa kwenda stoo kutafuta kila wimbo na kila tangazo, kwenye diski ya zamani isiyo na haraka.

Jioni moja, kwa nia ya kumaliza usafi, akaondoa na swapu kwa swapoff. Simu ikaita, akatoka, na swapon haikuandikwa.

Tulikuwa hatujui kwamba programu yetu ya kurushia matangazo ilikuwa inavuja. Kwa wiki kadhaa nafasi iliyokuwa inaishikilia bila kuitumia ilikuwa imehamishiwa swapu, ikalala huko bila kumsumbua mtu. Swapu ilipoondolewa, mzigo wote ukarudi kwenye RAM. Asubuhi kazi zilipoongezeka, nafasi ikaisha. Kiini kikachagua programu kubwa kuliko zote na kuiua, nayo ilikuwa ndiyo inayosoma matangazo ya misiba.

Baada ya hapo tuliondoa ile amri ya kila dakika 5, tukarudisha swapu, na tukaweka toleo jipya la programu. Tulifanya na jambo moja lisilohitaji kompyuta: matangazo ya misiba sasa yanachapwa pia kwenye karatasi na kuwekwa mezani studio. Mashine ikizima, mtangazaji anayasoma kwa mdomo.

Na simu yako?

Kwanza, programu zinazojitangaza kwamba zinasafisha RAM ya simu. Nyingi zinafanya kile tulichokifanya sisi. Zinafunga programu zilizokuwa zimetulia, ambazo Android huzifungua tena baada ya muda, na kila kufunguliwa upya kunakula chaji. Juu ya hapo, nyingi zinaonyesha matangazo ya biashara yanayokula bando. Android ina utaratibu wake wa kufunga programu za zamani nafasi inapopungua. Huhitaji kumlipa mtu kwa kazi hiyo.

Pili, kitufe cha "Futa akiba" kilicho kwenye mipangilio ya kila programu. Hii ni akiba nyingine. Ni mafaili ya muda yaliyo kwenye hifadhi ya simu, na si RAM. Kuifuta ni salama na kunasaidia simu inayosema hifadhi imejaa, ingawa itajijaza tena kadiri unavyotumia. Kuwa makini na kitufe kilicho jirani yake, "Futa data" au "Futa hifadhi". Hicho kinaweza kuondoa akaunti, mazungumzo na mafaili yaliyohifadhiwa ndani ya programu hiyo.

Tatu, unaponunua simu. Siku hizi boksi au tangazo linaweza kuandikwa RAM ya 8GB, na pembeni kwa maandishi madogo 4+4. Maana yake RAM halisi ni gigabaiti 4. Hizo 4 nyingine ni swapu, nafasi iliyokatwa kwenye hifadhi ya simu. Si uongo kwamba inasaidia, lakini kasi yake si ya RAM, na hifadhi yako ya picha inapungua kwa kiasi hicho. Muulize muuzaji: RAM yenyewe, bila ya kuongezea, ni ngapi? Lipa kwa kuzingatia namba hiyo.

Nne, simu ikiwa nzito, fanya haya kabla ya kwenda kwa fundi. Izime na kuiwasha. Ondoa programu usizotumia. Futa video za makundi zilizojaa kwenye hifadhi, kwa kuwa simu isiyobakiwa na nafasi ya hifadhi huwa nzito. Mtu akikuambia simu inahitaji kusafishwa RAM kwa malipo, muulize atasafisha nini hasa.

Wenye vitochi vya kawaida hawana haja na lolote katika haya.

Kwa kijana anayetunza seva ya shule, ya chama cha ushirika au ya redio kama yetu, tunamwachia maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kuandika amri yoyote ya kusafisha. Safu ya available inasema nini? Swapu inatembea au imelala? Programu gani inakula zaidi? Sisi hatukujiuliza hata moja.